Kabla ya Kuuliza Bei: Kuchagua Chakula Chenye Virutubishi Vingi Nairobi

Vipande vinne vya mkate mweupe na kikombe cha chai yenye sukari nyingi vinaweza kukupa nguvu karibu sawa na ile ya kiazi kitamu kikubwa na mayai mawili ya kuchemsha, lakini viamshakinywa hivyo havilingani kwa kile vinavyouachia mwili. Kiazi kitamu huja na nyuzinyuzi na potasiamu, na kama ndani yake ni rangi ya chungwa, huja pia na beta-karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A; mayai nayo huleta protini kamili na vitamini B12. Chakula chenye virutubishi vingi ni kile ambacho kila tonge lake hubeba vitamini, madini na protini, si nguvu tupu. Kwa hiyo, unaposimama mbele ya meza ya muuzaji, kabla ya kuuliza bei jiulize kwanza tonge la chakula hicho lina nini zaidi ya kushibisha.

Anzia kwenye mboga za majani, kwa sababu hapo ndipo sisi wakazi wa Nairobi tuna neema tusiyoitumia ipasavyo. Kwa mama mboga wa Kangemi, wa Muthurwa au wa mtaani kwako, kabichi hukaa kando ya managu, terere, saga, kunde na sukuma wiki, na wanunuzi wengi huchukua kabichi kwa kuwa haina kazi ya kuchambua. Kabichi si mbaya, ila gramu 100 za terere zina kalsiamu takriban mara tano ya iliyomo katika kabichi, na madini ya chuma mara kadhaa. Hata hivyo, terere ina asidi ya oksaliki, ambayo hushikamana na kalsiamu na kuizuia isifyonzwe yote na utumbo, ilhali sukuma wiki ina kiasi kidogo sana cha asidi hiyo na kalsiamu yake hufyonzwa vizuri. Ndiyo maana sipendi kuitaja mboga moja kuwa bora kuliko zote. Napendekeza ubadilishe siku kwa siku, au uchanganye katika sufuria moja kama wafanyavyo wapishi wa magharibi mwa Kenya wanapopika mrenda pamoja na kunde. Uliza pia mboga zililimwa wapi. Mboga zilizonyweshwa maji ya mto wenye taka za viwanda zinaweza kuwa na metali nzito kama vile risasi, ambayo haitoki hata ukiosha mara kumi, na muuzaji uliyezoeana naye ndiye unayeweza kumwuliza hilo bila kuona haya.

Jinsi ya kupika ni sehemu ya uchaguzi wenyewe. Osha majani yakiwa mazima, ndipo uyakate, kwa sababu vitamini C na folati (vitamini mojawapo ya kundi B) huyeyuka katika maji na hupotea ukiloweka mboga iliyokwisha kukatwa au ukiichemsha kisha ukamwaga supu yake. Ikiwa managu ni chungu mno kwa watoto, yachemshe dakika chache tu, kisha umalizie kwa maziwa, ambayo hupunguza uchungu. Weka mafuta kidogo, kwa kuwa beta-karotini ya majani hufyonzwa vizuri zaidi ikiwa na mafuta. Parachichi pembeni mwa sahani hufanya kazi hiyohiyo.

Kuhusu protini, wengi wetu tumeaminishwa kwamba asiyekula nyama kila siku amekosa lishe, na fikra hiyo hunisikitisha kila ninapoona mtu akiipita omena kana kwamba ni chakula cha aibu. Samaki huyo mdogo huliwa mzima pamoja na mifupa yake, hivyo huleta kalsiamu ambayo mnofu wa nyama unayo kidogo sana, pamoja na madini ya chuma, zinki na vitamini B12. Chagua omena inayong'aa kama fedha, iliyokauka vizuri na isiyo na mchanga wala ukungu. Maharage, ndengu na njahi zilizokauka zina protini zaidi ya gramu 20 katika kila gramu 100, na pia zina nyuzinyuzi na folati. Ziloweke usiku kucha, umwage maji hayo, kisha uzichemshe hadi ziive kabisa. Kuloweka hupunguza viambata vinavyozuia zinki na chuma kufyonzwa. Githeri, ambayo wengi wetu tuliichoka tukiwa shuleni, ni mchanganyiko wenye maana kubwa: mahindi yana upungufu wa asidi ya amino (mojawapo ya vijenzi vya protini) iitwayo laisini, maharage yanayo kwa wingi, na kile kinachopungua katika maharage kinapatikana katika mahindi.

Chuma kilichomo katika mboga na maharage hufyonzwa kwa shida kuliko kile cha nyama, lakini vitamini C hukisaidia. Kamulia ndimu juu ya ndengu, weka nyanya za kutosha, au ule pera baada ya mlo, kwa maana mapera yana vitamini C nyingi kuliko machungwa. Chai, kwa upande mwingine, ina tanini zinazozuia chuma hicho kufyonzwa, kwa hiyo ni vyema kusubiri angalau saa moja baada ya kula ndipo uinywe, hasa kwa wasichana na akina mama wajawazito.

Unga wa ugali unahitaji kupimwa pande mbili. Unga mweupe uliokobolewa umeondolewa pumba na kiini, mahali penye nyuzinyuzi, mafuta mazuri na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B. Lakini tangu 2012 sheria ya Kenya inawataka wasagaji waongeze vitamini na madini katika unga wa mahindi wa paketi, jambo ambalo kwa kawaida halifanyiki kwenye vinu vidogo vya mtaani. Mimi hupokezanisha unga huo wa paketi na unga usiokobolewa niliochanganya na wimbi, ambayo ina kalsiamu nyingi kuliko nafaka zetu nyingine. Unga usiokobolewa huharibika upesi kwa sababu ya mafuta ya kiini, kwa hiyo nunua kiasi cha gorogoro moja tu kwa wakati mmoja.

Kwa matunda, fuata msimu. Yanayojaa katika soko la Marikiti ndiyo yaliyochumwa karibuni na ndiyo nafuu. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Usibadilishe tunda kwa soda: soda ya kawaida huwa na takriban gramu 10 za sukari katika kila mililita 100 na haina kirutubishi kingine cha kutajwa.

Maini yana chuma na vitamini A nyingi mno, kiasi kwamba mjamzito anapaswa kuyaepuka au kumwuliza mhudumu wake wa kliniki kwanza. Njugu karanga nazo ni hazina, ila zimwage kiganjani mbele ya muuzaji na uzichambue: zikiwa zimekunjamana, zimebadilika rangi au zina ukungu, ziache, kwa sababu sumu ya aflatoksini, inayotokana na ukungu, haiondoki yote kwa kukaanga.