Kiporo cha Wameksiko: maharage ya kuponda na kukaanga ukiwa ugenini

Nilipokuwa likizo Mwanza niliwapikia watu wa nyumbani, pale Nyakato, frijoles refritos, yaani maharage ya kuponda na kukaanga ya Wameksiko. Mama alionja, akachungulia kikaango, akaniuliza, "Sasa baba, hiki si kiporo umekiponda?" Miaka sita ya Texas, chakula nimefundishwa na jirani Mmeksiko jikoni kwake, halafu najitapa nyumbani kama nimeleta jambo jipya. Kumbe nimebeba maji kupeleka ziwani.

Si kiporo, lakini upishi wenyewe alikuwa ameupatia. Wengi tunadhani refritos maana yake yamekaangwa mara ya pili, lakini kwa Wameksiko ile "re" mbele ya neno inatia mkazo tu: yamekaangwa barabara. Unachemsha, halafu unaunga kwa mafuta na kitunguu kama tunavyounga sisi, ila badala ya kuacha mchuzi unaponda juu ya moto mpaka yawe rojo zito. Anayejua kuunga maharage nusu ya kazi anaijua tayari. Nusu iliyobaki ndiyo inayotushinda huko nje, nayo ni kuyaivisha.

Mbona usinunue ya kopo? Nunua ukitaka, ila soma karatasi ya kopo kwanza. Wameksiko kwa asili huyakaanga kwa mafuta ya nguruwe, na makopo mengi yanayo. Ukiona limeandikwa "lard" au "manteca", na wewe ni Mwislamu au Msabato, lirudishe kwenye rafu. Wale ndugu zetu wa Musoma niliowahi kuwakaribisha chakula walinihoji kuhusu mafuta kabla hawajakaa.

Maharage yenyewe ni ya aina ya pinto: rangi ya maziwa yaliyotiwa chai, yana madoa ya kahawia ambayo hupotea yakiiva. Wakenya wanayo ya aina hiyo, wanayaita mwitemania. Meusi nayo yanafaa sana. Usihangaike kubeba maharage kutoka nyumbani, nafasi ya begi iachie dagaa wa Mwaloni. La muhimu ni umri. Maharage ya sokoni kwetu mara nyingi ni ya mavuno ya juzijuzi, lakini pakiti ya supamaketi ya ughaibuni inaweza kuwa imekaa ghalani miaka, na maharage yaliyozeeka utayachemsha hadi usiku bila kulainika. Nunua duka la Wameksiko au la Wahindi, ambako gunia halikai.

Kuna jambo lilinichanganya muda mrefu. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi joto 96 hivi. Ukiwa Houston au London yanachemka karibu na 100. Kwa hesabu hiyo maharage ya ugenini yangepaswa kuiva mapema kuliko ya jiko la mkaa la mama. Yakigoma, basi ni uzee wa maharage, au ni maji. Maji ya bomba ya London, kwa mfano, yana chokaa nyingi (lione birika lako la umeme kwa ndani), na chokaa hukaza ganda la haragwe. Dawa ni chumvi kwenye maji ya kulowekea: kijiko kimoja cha chakula kwa lita mbili za maji na nusu kilo ya maharage, usiku kucha. Asubuhi mwaga, suuza. Yakiwa sugu zaidi, tia kwenye maji ya kuchemshia robo kijiko cha chai ya baking soda, ile ya kuumulia mandazi. Inafanya kazi ileile ya magadi. Usizidishe, yatanuka sabuni.

Nyanya, ndimu na siki weka mbali mpaka yaive. Uchachu unayazuia kulainika, na hapo ndipo wengi wanapokosea, wanaweka kila kitu kwa pamoja kwa haraka ya kwenda kazini.

Nikishataja haraka, lazima niseme habari ya ile sufuria ya umeme inayopika polepole siku nzima. Mwaka wangu wa kwanza tulikaa vijana wanne nyumba moja. Mmoja wetu alitia maharage mekundu mabichi ndani yake asubuhi, akaiwasha kwa moto mdogo, tukarudi jioni tukala, yakiwa bado na ugumu kidogo katikati. Kabla ya saa nne usiku tulikuwa tunagombania choo. Maharage mabichi, hasa yale mekundu makubwa, yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali tu, na moto mdogo wa sufuria ile unaweza usifike huko. Kwa hiyo, vyovyote utakavyomalizia, yaliyolowekwa mwaga maji yake, weka mapya, yachemshe kwa nguvu mbele ya macho yako angalau dakika 10. Mimi nafika 15. Kisha punguza moto.

Nusu kilo inahitaji maji yanayoyapita kwa vidole vitatu, nusu kitunguu na punje mbili tatu za kitunguu saumu. Baada ya ule mchemko, saa moja hadi moja na nusu ya moto wa wastani. Kwenye presha kuka, yaliyolowekwa dakika 20 zinatosha, ila usijaze kupita nusu, yanatoa povu la kuziba tundu. Kupima, usitumie uma. Chukua haragwe moja, libane kati ya ulimi na paa la kinywa. Likipondeka bila kuacha punje, tayari. Likiacha chengachenga, bado, hata kama njaa inauma.

Maji yaliyochemshia usiyamwage. Hayo ndiyo ladha yenyewe.

Sasa kikaango, kipana na kizito. Nusu kilo ya maharage makavu inatoa vikombe sita au zaidi kidogo yakiiva. Kaanga vikombe vitatu kwanza, mengine yasubiri. Vijiko vinne vya chakula vya mafuta. Ndiyo, vinne, usibane. Mimi natumia samli, inakaribia ule utamu wa mafuta ya nguruwe kuliko mafuta mengine yoyote. Nyakato tulitumia mafuta ya pamba na hakuna aliyelalamika. Katakata kitunguu kidogokidogo, kaanga mpaka kingo zianze kuwa za kahawia. Tia upawa mmoja wa maharage pamoja na maji yake, ponda, tia mwingine, ponda. Kipondeo cha viazi kinafaa. Mama aliniangalia kidogo, akanipokonya, akashika mwiko wa ugali, akawa anayasukuma na kuyabana ukutani mwa kikaango kama anayesonga, na kusema kweli yalitoka vizuri kuliko yangu: mengine rojo, mengine vipande.

Mwanzoni yanarukaruka na kulia kama mvua juu ya bati. Baadaye sauti inashuka, inabaki kububujika kwa uvivu, mapovu mazito yanapasuka moja moja. Hapo buruza mwiko katikati: kikaango kinaonekana chini kama njia, halafu njia inajifunga taratibu. Epua wakati huohuo, ingawa yataonekana mepesi. Yakipoa yanakaza, na ukisubiri yakaze motoni utakula udongo wa kufinyangia. Chumvi onja mwishoni. Pilipili ni hiari yako. Bizari nyembamba wengine wanatia, jirani yangu hakutia na alinikunjia uso nilipouliza.

Kwa chapati yanakwenda sana. Sisi siku ile tulikula na viazi vitamu vya kuchemsha na sato wa kukaanga, pilipili pembeni. Mmeksiko angeshangaa, lakini alikuwa Texas.

Yanayobaki yasilale jikoni. Ndani ya saa mbili yawe kwenye friji, kwenye chombo kisicho na kina ili yapoe haraka, na yamalize kwa siku tatu au nne. Mimi napika kilo nzima Jumapili, nagawa kwenye mifuko ya friza, naibonyeza iwe bapa kama daftari ili iyeyuke upesi, nayo inakaa miezi mitatu bila shida. Maji ya maharage nagandisha kwenye kikombe, peke yake, kwa sababu ya kupasha: rojo likitoka kwenye baridi ni gumu, na maji matupu yanalipoozesha ladha. Mama yeye asubuhi iliyofuata aliyapasha kwa maji kidogo na karanga za kutwanga, akanywea chai. Tangu hapo natenga mfuko mmoja kwa ajili ya karanga, vijiko viwili vya chakula kwa kila kikombe cha maharage, moto mdogo, na mwiko usiache kukoroga maana karanga zinashika chini.