Gari la waya lenye usukani na taa

Meccano, seti ya watoto ya kuunda magari na mashine, aliyoibuni Frank Hornby wa Liverpool mwaka 1901, ilikuja na vipande vya chuma vilivyokwisha tobolewa kila nusu inchi. Gari la waya la watoto wa Tukuyu, Njombe au Mafinga halina tundu hata moja la dukani. Kila tundu ni jicho unalokunja mwenyewe kwa plaizi, na likiwa pana gari linayumba, likibana haliendi.

Tafuta waya mgumu wa milimita 3, mita 5. Waya laini wa kufungia nondo, mita 3. Spoku mbili za baiskeli (fundi baiskeli huwa nazo zilizopinda, unazinyoosha kwa nyundo). Pea moja ya ndala zilizochakaa. Na mwanzi mkavu wa futi 4, unene wa kidole gumba. Ukavu wake ni muhimu. Mwanzi mbichi kutoka shamba la ulanzi (pombe ya mianzi) hunywea unapokauka, kwa hiyo waya ulioukaza leo utakuwa unacheza baada ya wiki chache.

Kunja chasisi ya sentimita 32 kwa 14, uifunge mataruma matatu: mbele, katikati na nyuma. Kila kiungo kipate mizunguko mitano ya waya laini, kisha ukikaze kwa kusokota ncha zake kwa plaizi. Kukaza kwa mkono hakutoshi.

Magurudumu yatoke kwenye ndala, manne ya kipenyo cha sentimita 6. Chora kwa mdomo wa kopo, kata kwa wembe mpya. Toboa katikati kwa spoku iliyopashwa moto, ukiwa nje, maana moshi wake unakera, na mtoto asishike spoku hiyo. Usiishie hapo: ndala hung'ang'ania chuma, na tundu hupanuka upande mmoja. Chomeka ndani yake kijiti cha pipi chenye uwazi, spoku ipite humo kwa ulaini. Ekseli isizunguke, magurudumu ndiyo yazunguke, kila moja peke yake, kwa sababu kwenye kona gurudumu la nje hutembea njia ndefu kuliko la ndani. Ukiyaunganisha, moja litaburuzwa.

Sehemu inayowashinda wengi ni usukani. Chukua waya mgumu wa sentimita 20 na uzungushe katikati yake mara tatu kwenye spoku ya mbele. Ncha moja isimame wima. Hiyo ndiyo pini. Ncha ya pili ilale kuelekea nyuma sentimita 3, iishie kwa jicho refu kidogo. Huo ni ulimi. Pini ipite kwenye macho mawili ya chasisi, moja juu ya jingine, la sivyo italala na gurudumu moja litaning'inia. Fimbo ya usukani, waya wa sentimita 50, ipite kwenye jicho la dashibodi (waya unaokatisha juu ya chasisi, nyuma ya ulimi), ncha yake ya chini ikunjwe kuelekea chini sentimita 3 na kuingia kwenye jicho la ulimi. Ya juu ifungwe kwenye mwanzi, na juu kabisa weka duara la kushikia. Pande zote mbili za jicho la dashibodi zungushia waya laini uwe kizuizi, kwani fimbo hiyo ndiyo inayosukuma gari lote.

Ulimi ukielekea mbele badala ya nyuma, ukikata kulia gari litakwenda kushoto. Jicho la ulimi likiwa duara dogo, usukani utakwama kabla ya kufika mwisho.

Taa zinataka betri mbili kubwa za tochi, kila moja volti 1.5, zikifuatana kichwa kwa mkia kupata volti 3, na balbu mbili za tochi za volti 2.5. Kishikizo kizuri ni pingili nene ya mwanzi, uwazi wa sentimita 4 na urefu wa 14, iliyopasuliwa nusu. Betri ni nzito, zikae nyuma. Zikikaa mbele usukani unakuwa kazi. Kila balbu ipate waya zake mbili kutoka kwenye betri. Ukizipanga balbu kwa mfuatano zitagawana volti, zitawaka kama makaa yanayozimika, na moja ikiungua zote zinazimika. Swichi ni kipande cha bati la kopo kilichokunjwa. Usitumie betri ya simu: nyaya zikigusana inaweza kushika moto.

Asubuhi za Juni na Julai Mbeya, taa zikififia, usiharakishe kulaumu nyaya. Baridi hudhoofisha betri. Ziweke mfukoni dakika kumi kisha ujaribu tena. Kuzianika juani huzifufua kwa muda mfupi tu, na betri iliyokwisha kuchoka huvuja na kula bati la swichi.