Namna ya Kuishi Vyema na Majirani Katika Ploti za Wanafunzi Nairobi

Mwanafunzi anayetoka hosteli ya chuo na kupanga chumba Kahawa West, Zimmerman, Roysambu au Ngara hudhani mara nyingi kwamba jengo zima ni la wanafunzi wenzake. Sivyo. Katika korido moja utamkuta muuguzi wa zamu ya usiku, mama aliye na mtoto mchanga, mfanyabiashara anayeondoka alfajiri kwenda kununua mboga Marikiti, na wanafunzi wawili watatu wanaokesha wakisoma. Kila mmoja ana saa zake za kulala na za kuamka, na asiyezijua atawakosea wenzake hata akiwa na nia njema kabisa.

Kwa hiyo, piga hodi katika wiki ya kwanza, kabla hujawa na lolote la kuomba wala la kulalamikia. Maneno machache yanatosha: "Hodi, mama. Habari ya jioni? Mimi ndiye mpangaji mpya wa chumba cha mwisho. Ninasoma Kenyatta. Kelele zangu zikikusumbua, tafadhali niambie." Peaneni nambari za simu, wewe na yeye, kisha uondoke usimchoshe. Mtu aliyekwisha kukuona uso hukujia kwa upole siku ukimkosea, ilhali asiyekufahamu humwendea moja kwa moja msimamizi wa ploti.

Jambo linalogombanisha wapangaji kuliko yote ni maji. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, kaunti ya Murang'a, na kwa miaka mingi mitaa imekuwa ikipata maji kwa mgao, siku fulani za wiki tu. Muulize msimamizi siku zenu ni zipi, ununue mitungi yako yenye vifuniko, na uijaze siku hiyo badala ya kutegemea tangi la pamoja lililo juu ya paa. Kama kuna foleni kwenye mfereji wa chini, jaza mitungi miwili, umpishe mwingine, kisha urudi nyuma ya foleni. Usifue mablanketi siku ambazo jengo linategemea tangi. Maji uliyofulia yahifadhi kwenye ndoo uyatumie chooni.

Hatari kubwa zaidi ni ya mfereji uliosahauliwa wazi. Unaufungua asubuhi, unaona hautoi hata tone, unauacha hivyo na kwenda darasani. Maji yanarudi saa nane mchana, sinki imezibwa na vyombo, na jioni unakuta yamepita chini ya mlango, yameteremka ngazi, na kulowesha godoro na vitabu vya mpangaji wa chini. Jizoeze kuugusa kila mfereji kwa mkono kabla ya kufunga mlango.

Kuhusu kelele, sheria iko wazi kuliko wengi wanavyofikiri. Kanuni za kitaifa za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na katika maeneo ya makazi zinaweka kikomo cha desibeli 35 wakati huo, kiwango kisichopita mnong'ono kwa mbali. Usisubiri sheria ikutafute. Spika isiegemezwe kwenye ukuta unaotenganisha vyumba, kwa sababu mdundo hupenya mawe hata sauti ikiwa ndogo. Iweke juu ya kitambaa kizito, katikati ya chumba. Ukiwa na sherehe, wajulishe majirani siku mbili kabla, uwaambie itaisha saa ngapi, na uimalize saa hiyo hiyo.

Taka zitolewe siku ya kuzoa, zisiachwe koridoni. Nguo zikikauka, ziondoe kwenye kamba. Kama mita ya umeme ni ya pamoja, lipa sehemu yako ya tokeni kabla hujadaiwa.

Wageni wahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa geti ndilo usalama wa wote. Mtambulishe mgeni kwa askari, umsindikize anapotoka, na kamwe usimpe ufunguo wa geti. Mpango wa Nyumba Kumi, uliozinduliwa nchini mwaka 2013, unategemea jambo hili hili, kwamba wanaoishi pamoja wafahamiane. Nauona kuwa wa maana hasa katika ploti za wanafunzi, ambamo wapangaji hubadilika kila muhula.

Ukikosewa, nenda ukazungumze na mhusika mlangoni pake, wakati hasira imetulia, na msiwe mbele ya watu. Kumsema kwenye kundi la WhatsApp la ploti humwaibisha, na aliyeaibishwa hujitetea badala ya kujirekebisha. Akirudia mara ya pili, hapo ndipo umhusishe msimamizi.

Unapofunga chumba kwenda nyumbani likizo ndefu, toa chakula kinachoweza kuoza, funga valvu ya mtungi wa gesi, zima swichi kuu, kisha umwachie jirani mmoja unayemwamini nambari ya simu ya mtu wa nyumbani kwenu, endapo bomba litapasuka au mlango utavunjwa ukiwa mbali.