Kuchukua maelezo ya shahidi wa vita: pima kila neno

Nawaandikia wanaoanza kazi hii hapa Dar, ya kuwahoji watu waliokimbia vita, wengi kutoka mashariki ya Kongo. Sheria utaisoma. Kinachowaangusha wengi ni Kiswahili tunachodhani tunakijua.

Hatua ya 1: Kabla ya daftari

Tafuta chumba kimya. Mimi nilianzia Manzese, juu ya fundi wa kuchomelea mageti, na nusu ya nilichorekodi ni grinda. Aliyekuzidi umri mpe shikamoo yake kwanza. Mweleze maelezo yanakwenda wapi, na kwamba anaweza kukataa swali lolote. Kisha sema wazi kuwa huna nauli wala njia ya kumpeleka Kanada. Usiposema, atatumaini, na tumaini hurefusha hadithi. Jina lake likae kwenye karatasi ya pembeni, daftarini iwe namba tu.

Hatua ya 2: Mwache aseme

Hata akianzia kwa mbuzi wake. Usimkatize.

Hatua ya 3: Rudi nyuma, neno kwa neno

Hapa ndipo muda wako utakapokwisha.

"Nilisikia wameua watu sokoni." Alisikia milio, au alisikia habari? Uliza: "Mama, ulikuwepo, au uliambiwa?" Nina safu tatu: aliyoyaona, aliyoyasikia kwa masikio yake, aliyoambiwa na nani.

"Mkono." Niliwahi kuandika mkono umekatwa, tafsiri ya Kiingereza ikasema kiganja, daktari akakuta jeraha juu ya kiwiko. Kosa langu, na ripoti nzima ikatiliwa shaka. Siku hizi namwomba shahidi aguse mwilini mwake.

"Ndugu" anaweza kuwa mtoto wa mjomba. Usipouliza, utahesabu marehemu mmoja mara mbili.

"Mtoto" aliyechukuliwa msituni: darasa la ngapi? Itifaki ya Pili ya 1977, nyongeza ya Mikataba ya Geneva kuhusu vita, inakataza kuandikisha walio chini ya miaka 15, kwa hiyo mwaka mmoja una uzito.

"Askari" kwetu ni polisi, mwanajeshi, hata mlinzi wa getini. Uliza sare, buti, lugha, na nani alikuwa akitoa amri. Na ukisikia "nyumba ilichomwa", simama: hapo hakuna aliyechoma. Nani alishika kiberiti?

Hatua ya 4: Uliza usilopenda kuuliza

Je, ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na wapiganaji? Silaha? Shahidi anaweza kuudhika, lakini nyumba inayotumiwa kupigania huweza kupoteza kinga yake, na asiyeuliza amechagua upande.

Kuna Tume ya Kimataifa ya Kutafuta Ukweli wa Kibinadamu, yenye wajumbe 15, iliyotokana na Ibara ya 90 ya Itifaki ya Kwanza ya 1977. Iliundwa 1991, ikakaa miaka 26 bila kutumwa popote, maana inahitaji ridhaa ya wahusika. Mwaka 2017 ilisimamia uchunguzi wa gari la waangalizi wa OSCE, shirika la usalama na ushirikiano la Ulaya, lililolipuka Luhansk, Ukraine, na kumuua mhudumu wa afya. Wachunguzi waliona kuwa waangalizi hao hawakuwa walengwa. Hawakuishia hapo: kutega bomu la ardhini la kulipua magari kwenye barabara inayotumiwa na raia, walisema, bado ni ukiukaji wa sheria za vita. Nawapenda kwa hilo. Walikubali jibu lililopunguza lawama upande mmoja, wakaendelea kuuliza.

Hatua ya 5: Msomee yote

Polepole, hata mkiwa mmechoka. Mzee mmoja alinisimamisha kwenye "daraja". "Mwanangu, yale yalikuwa magogo mawili." Kumbe gari lisingeweza kupita pale, na shahidi mwingine alikuwa ameniambia wauaji walikuja na lori. Nikafuta, nikaandika magogo mawili. Akaweka dole gumba.