Kabla hujanunua modeli ya katapila au greda la theluji, cheki skeli

Wakuu mnaokusanya modeli za mitambo, eksikaveta, katapila, magreda ya kusukuma theluji na ndugu zake, kabla hujalipia angalia skeli kwanza (yaani modeli imepunguzwa mara ngapi kulinganisha na mtambo halisi), achana na picha, picha inadanganya sana. Iliyozoeleka kwa mitambo ya ujenzi ni 1:50, ndo wanayoitumia sana NZG na Conrad, watengenezaji modeli wa Ujerumani, halafu kuna 1:87 ambayo ni ya watu wa treni ndogo, sasa piga hesabu, mtambo wa mita 10 kwenye 1:50 unatoka sentimita 20 ila kwenye 1:87 unabaki 11 na nusu hivi, ukiwaweka shelfu moja ni kama mama na mwanae. Mi naona bora ukomae na skeli moja tu.

Za theluji ukinunua yuzdi muulize muuzaji kama bleda (bapa la kusukumia theluji) ya mbele na ile ya ubavuni zipo, na pini zake za kuzishikilia pia, maana zinachomoka na kupotea kirahisi na bila hizo umenunua greda la kawaida kwa bei ya la theluji. Omba picha ya chini ya modeli pia.

Alafu tairi za mpira laini zisikae moja kwa moja juu ya plastiki miaka na miaka, zile kemikali za kulainisha mpira zinahamia kwenye plastiki zinaila mpaka inabaki alama, weka kipande cha kioo chini ya tairi. Na jua la dirishani linapausha rangi, hasa nyekundu.