Kado ya Bonane wakati franga haiko: namna ya kufanya na watu wako wa kazi

Mwezi ya kumi na mbili ikikaribia, kila mutu mwenye iko na watu wa kazi hapa Goma anaanza kuwaza, ukuwe na farmasi Birere, ateliye ya kushona Katindo, resto ama depo ya simenti, juu watu hawasemi kitu lakini macho yao inauliza: mwaka huu patro atatoa nini? Na tangu mwisho wa Januari 2025, vita ilipoingia mujini na benki zikafunga, wengi wetu biashara imeshuka, ata franga yenyewe ya kushika mukononi ni ya kutafuta. Mimi naona kado inawezekana ata kama mufuko iko mwepesi. Ila chunga kitu moja: kado isimuongezee mwenye kuipokea gharama ingine. Hapo njo wengi tunakoseaka, tunatoa kitu halafu mutu anafika nayo nyumbani akiwa na deni mupya.

Kwanza kabisa mushahara. Kama uko na deni ya mutu ya miezi mbili, usimuletee muchele na tabasamu, mulipe kwanza, ata nusu, halafu njo muongee mambo ya kado. Tena soma kontra vizuri: sheria ya kazi ya Kongo, ile namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inahesabu gratifikasyo na mushahara ya mwezi wa ziada ndani ya malipo ya mufanyakazi. Kwa hiyo kama uliandikiana naye mwezi wa 13, ni kusema huo mushahara ya ziada, hiyo si kado hata kidogo, ni haki yake, hauwezi kuibadilisha na bido ya mafuta. Ukishindwa kuitoa yote mara moja, kaa naye, mukubaliane utailipa kwa vipande gani na tarehe gani, na muiandike.

Halafu sema mapema. Mwezi ya kumi na moja ita wote, ata dakika kumi asubui mbele ya kufungua, uwaambie vile mambo iko: mwaka huu hakuna ile ya zamani, kutakuwa kitu fulani, tarehe fulani. Patro wengi wanaogopaka kusema, wananyamaza mupaka tarehe 24 mangaribi, na wakati huo mutu ameshakopa ku butike ya jirani akijua prime inakuja. Na usiahidi dola kama uko na nia ya kununua vitu. Mwaka 2025 dola ilishuka toka karibu franka 2,800 mupaka chini ya 2,500, na ku soko bei haikukimbia nyuma yake, sasa mwenye aliahidiwa dola 20 akapata kidogo kuliko alivyopigia hesabu. Ukisema "kilo kumi za muchele", kilo kumi ni kilo kumi tu.

Kuhusu kitu ya kutoa, mimi nitasema chakula, na sioni aibu. Muchele, maharagwe, unga ya fufu, mafuta, sabuni, sukari kidogo. Nunua mwezi ya kumi na moja juu wiki ya mwisho mbele ya Noeli kila kitu inapanda, na nunua kwa mufuko muzima ugawanye mwenyewe. Kwa vyakula vyenye vinatoka Idjwi na upande wa Minova, enda ku soko ya Kituku asubui wakati mitumbwi inafika, usingoje vipite mikono tatu. Nyama njo kitu yenye watoto wanangojea siku hiyo, na kuku moja moja inakula bajeti. Afazali muungane maduka tatu ama ine, munanunua ngombe moja, munagawa. Kama kuko Waislamu kati yenu, achinje Mwislamu, hiyo haiongeze bei na hakuna mwenye atabaki kando.

Kitenge? Ni nzuri, mama atafurahi, lakini nani atalipa fundi? Ukitoa kitenge ongeza ya kushonesha, vinginevyo umemupatia kazi ya kutafuta franga. Kesi ya bia ya Primus mimi siitoe, inaisha mangaribi ileile na nyumbani hawaone kitu, na Waadventiste, na ni wengi huku kwetu, hawainywe. Na zile tishati zenye jina ya butike yako, tafazali, hiyo si kado, hiyo ni piblisite yenye mutu anakubebea bure.

Ukiamua kutoa franga, sawa, kuko watu wenye wanapendaka franga kuliko kitu yote, na wako na sababu zao: nyumba ya kulipa, muzee mugonjwa. Lakini ukituma kwa M-Pesa ama Airtel Money, akienda kutoa ku kabine watamukata, na wakati franga ni ngumu kupatikana wanakata sana. Kwa hiyo tuma na ya kutolea juu. Ukitoa dola mukononi, angalia noti: yenye iko na kapasuko kadogo tu ama imezeeka, hakuna mwenye ataipokea ku soko, utakuwa umemupatia karatasi.

Zamu (mulinzi), mama wa usafi, na ule kijana wa kubeba mizigo mwenye unalipaka kwa siku: wote waingie ku liste. Kama bajeti ni dola 90 na watu ni 6, kila mutu 15, basi, usianze kupima nani ni wa biro. Ukitaka kumushukuru zaidi mwenye alikusaidia sana, fanya hiyo siku ingine, pembeni, juu siku ya kugawa kila mutu anachunguliaka mufuko ya mwenzake (na mabibi nyumbani wanapigianaka simu, usijidanganye).

Gawa tarehe 22 ama 23, saa sita ya muchana, si mangaribi. Mutu wa Mugunga ama Ndosho akitoka na mufuko ya kilo 25 ku giza, unajua mwenyewe. Mulipie moto (pikipiki), ni franga kidogo, ama utafute gari moja ya kuzungusha yote.

Na kama kweli hauna kitu? Kuko siku. Mupatie kila mutu siku mbili za kupumuzika zenye unalipa, mugawane nani anabaki Noeli na nani Bonane, na zamu mwenye atalala kazini usiku wa tarehe 31 umuletee chakula ya moto yeye na mwenzake. Halafu fikiria Januari. Watu wanamaliza yote ku sikukuu, trimestre ya pili inaanza, minerval (franga ya masomo) ya watoto wa sekondari inaita. Avansi ndogo wiki ya kwanza ya Januari, bila faida juu, inasaidiaka kuliko karto kubwa ya Desemba. Iandike tu ku karatasi, musaini wote mbili, na ukate kidogo kidogo mupaka Pasaka.