Kuchora shujaa wa michezo mpaka aonekane anakimbia kweli

Wasanii wengi hapa Kisumu wakichora shujaa wa michezo wanaanza na sura, wanachukua picha ya simu wananakili kila kitu, alafu unapata mtu anafanana kabisa lakini amesimama tu kama wa kitambulisho. Mimi nasema anza na mwendo, sura iache mwisho kabisa.

Mkono ufanyie mazoezi kwa muziki wa laivu. Tafuta mahali nyatiti, kile chombo cha nyuzi cha Waluo, inapigwa, ukae chini karibu na miguu ya mpigaji maana hapo ndo kuna kazi: amekalia kigoda, nyuzi 8 ziko mbele yake, kidole gumba cha mguu kimevaa pete ya chuma kinagonga ule mti wa chombo, njuga zinalia mguuni, na bega nalo linafuata. Chukua makaa na karatasi ya bei rahisi, mistari mitatu minne kabla mdundo ubadilike, usifute, chukua karatasi ingine. Ukizoea hivo utaanza kuona uzito wa mwili umeegemea wapi, na huo ndo siri ya kuchora mkimbiaji pia. Muziki wa kurekodiwa haukupi hiyo.

Sasa mchukue Faith Kipyegon, dhahabu ya Olimpiki mita 1500 mara tatu mfululizo, 2016 mpaka 2024, na mwaka wa 2025 akaikimbia kwa dakika 3:48.68 kule Eugene, Marekani. Mwangalie kwa video mzunguko wa mwisho, zima sauti: kifua kiko juu, mabega yametulia hata akiongeza kasi. Piga mstari mmoja kutoka kisigino cha nyuma mpaka kichwani, na huo mstari ukiwa na uhai basi picha iko, ukiwa umekufa hata uso mzuri aje hautaiokoa!

Alafu mpe ardhi yake. Faith ni wa Keringet, kaunti ya Nakuru, kwa hivo mweke kwa vilima vya huko juu. Ukichora timu ya soka ya Gor Mahia ya 1987, wale waliotoka sare 2-2 Tunis na 1-1 Nairobi na Esperance wakabeba Kombe la Mandela, lile la washindi wa makombe Afrika, kwa mabao ya ugenini, hao walete Dunga, ufuo wa ziwa hapa Kisumu, wakati jua linazama, mwanga uwatokee nyuma, na uweke rangi ya chungwa kwa ukingo wa bega tu.

Na tafadhali Ziwa Victoria usilipake bluu ya dukani. Maji ya ghuba yetu ni ya udongo udongo na kijani, changanya manjano ya udongo, nyeusi kidogo sana na nyeupe, gugu maji liwe kijani nzito, milima ya mbali iwe hafifu kuliko ya karibu. Ukifika kupaka rangi, tanguliza mandhari kwa rangi nyepesi, mtu aje juu yake.

Kitambaa cha amerikani kinatosha, kivute vizuri kwa fremu, paka praima, ile rangi ya kwanza ya kuandaa kitambaa, mara mbili. Akriliki inakauka haraka sana na joto letu so weka chupa ya kunyunyizia maji karibu. Sura sasa ndo unamalizia, kivuli cha jicho, pua, mdomo, basi, na ikikauka kabisa kabisa paka vanishi.